Hatua Ngapi Zinafika Kwenye Gurudumu?

Walimu walezi wa vilabu, waamuzi, na hasa ninyi wanafunzi ambao mikono yenu bado inanuka lehemu, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumze juu ya vidhibiti vya mwendo wa mota, na juu ya swali lisilokosa kuulizwa roboti zinapoanza kukusanyika mezani: kidhibiti chako kina hatua ngapi, yaani kinaweza kuipa mota viwango vingapi tofauti vya nguvu? Mmoja atasema chake kina 256. Jirani yake atasema 1,024. Wa tatu atatoa chenye 2,000, na hapo mjadala umekwisha, mwenye namba kubwa kashinda. Sina ugomvi na namba kubwa. Ninalobishia ni kwamba namba hiyo husomwa kwenye karatasi ya kidhibiti, ilhali roboti haitembei juu ya karatasi. Kati ya karatasi na gurudumu kuna safari, na hatua nyingi huishia njiani bila mwenyewe kujua.

Tuanze na kidhibiti chenyewe. Mota ya kawaida ya brashi hupunguziwa mwendo kwa kukatiwa umeme na kurudishiwa haraka haraka, mara mamia au maelfu kwa sekunde. Ukiwasha nusu ya muda, mota inaona takribani nusu ya volti. Hiyo ndiyo PWM mnayoijua. Resolusheni yake ni idadi ya vipande ambavyo kipindi kimoja cha kuwasha na kuzima kinaweza kukatwa. Kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta ambayo wengi huanza nayo, amri ya analogWrite hupokea namba kuanzia 0 hadi 255, na umeme hukatwa mara 490 kwa sekunde kwenye pini nyingi, au mara 980 kwenye pini namba 5 na 6. Wengi huishia hapo, wakadhani 256 ni kikomo cha chipu. Sivyo. Saa ya chipu ile hupiga mara milioni 16 kwa sekunde. Ukitaka mota isipige mluzi unaosikika, ukaamua kukata umeme mara 20,000 kwa sekunde, gawanya: kila kipindi kina mapigo 800 ya saa, na kipima muda chake cha biti 16 kinaweza kuyatumia yote. Ukipandisha hadi 40,000, yanabaki 400. Kwenye chipu ya ESP32 yenye saa ya milioni 80, kipindi kimoja kwa kasi ileile ya 20,000 kina mapigo 4,000, na kwenye chipu ya RP2040 ya milioni 125 kina 6,250.

Kwa hiyo kasi ya kukata na wembamba wa hatua hugawana saa moja. Ukiongeza huku, unapunguza kule. Mtu anaweza kusema basi tushushe kasi, tupate hatua tele. Hilo lilikwisha kujaribiwa. Katika mashindano ya roboti za wanafunzi ya FIRST kule Marekani, kwa miaka mingi timu zilitumia kidhibiti cha Victor 884, kilichokata umeme mara 120 tu kwa sekunde. Baadaye kikaja Jaguar, chenye mara 15,000. Tofauti ilionekana sakafuni. Kasi ya kukata ikiwa ndogo, mkondo wa mota hupata muda wa kupanda na kufa kabisa ndani ya kila kipindi, na uhusiano kati ya amri na mwendo hupinda: mota isiyo na mzigo hukimbilia karibu na mwendo wake wa juu amri ikiwa bado katikati, kisha sehemu kubwa ya hatua zilizobaki haiongezi kitu cha maana. Hatua zipo, unazilipia kwa saa ya chipu, lakini hazifanyi kazi. Kasi ikiwa kubwa, mkondo hulainika na mstari hunyooka. Niseme pia upande wa pili, maana si haki kuisema vibaya kasi ndogo peke yake: mtikisiko wake husaidia kuing'oa mota iliyokwama kwenye msuguano, ndiyo maana roboti nyingine huanza kutembea kwa amri ndogo zaidi kwa kasi ya chini ya kukata kuliko kwa kasi ya juu.

Sasa niingie mahali ambapo naona hatua nyingi zaidi zikipotea, nako ni kwenye waya mmoja mwembamba kati ya ubongo wa roboti na kidhibiti. Vidhibiti vingi vya burudani hupokea amri kwa lugha iliyotoka kwenye ndege na magari ya kuchezea: mpigo wa umeme unaodumu mikrosekunde 1,000 hadi 2,000, ukirudiwa kila milisekunde 20 hivi. Mpigo wa 1,500 maana yake simama. Elfu moja ni nyuma kwa nguvu zote, elfu mbili ni mbele kwa nguvu zote. Upana mzima wa lugha hii, basi, ni mikrosekunde 1,000, na kila upande una 500. Kila kitu kinategemea unaweza kuzikata mikrosekunde hizo nyembamba kiasi gani.

Tazameni maktaba ya Servo ya Arduino, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa tayari, ambayo karibu kila mmoja hapa amewahi kuitumia. Amri yake ya write hupokea digrii, 0 hadi 180, kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya servo, mota zinazogeuka hadi pembe unayoziagiza. Isipobadilishwa, hutandaza digrii hizo 180 kwenye mikrosekunde 544 hadi 2,400. Digrii moja ni mikrosekunde 10 na ushee. Kidhibiti chako kinajali 1,000 kati ya hizo, kwa hiyo zinakufikia hatua kama 97, sawa na 48 kwenda mbele na 48 kurudi nyuma. Mwanafunzi amenunua kidhibiti cha hatua elfu, anakiendesha kwa hatua 48, kisha analalamika kwamba mwendo unaruka. Dawa yake haigharimu chochote: maktaba hiyohiyo ina amri ya writeMicroseconds, inayopokea mikrosekunde zenyewe. Ukiitumia unapata hatua 500 kila upande bila kubadilisha hata waya mmoja.

Mfano mwingine ni bodi za PCA9685, zile za kuendesha servo 16 kwa nyaya mbili. Zinauzwa kwa sifa ya biti 12, yaani hatua 4,096, na sifa hiyo ni ya kweli. Ila hatua hizo 4,096 zinagawa kipindi kizima. Kwa mipigo 50 kwa sekunde, kipindi ni mikrosekunde 20,000, na hatua moja inakuwa mikrosekunde 4.88. Ndani ya mikrosekunde zako 1,000 zinaingia hatua 205 tu, yaani 102 kila upande. Biti 12 zimegeuka kuwa pungufu ya biti 7 kwa upande mmoja, na hakuna aliyekudanganya. Ukipandisha hadi mipigo 200 kwa sekunde, kama kidhibiti chako kinaikubali, hatua moja inashuka hadi mikrosekunde 1.22 na mambo yanakuwa mengine kabisa. Someni kwanza karatasi ya kidhibiti, maana servo nyingi za zamani hupata joto na kutetemeka zikipelekewa mipigo ya haraka hivyo.

Upande wa kupokea nao una yake. Baadhi yenu mnajitengenezea vidhibiti, jambo ninalolipenda sana, na mnapima urefu wa mpigo kwa kutumia micros, amri ya kusoma saa, kwenye Uno. Saa hiyo husogea kwa mikrosekunde 4 kwa mkupuo. Elfu moja gawanya kwa nne ni 250, na hapo bado hatujahesabu kuchelewa kunakoletwa na kazi nyingine za chipu. Mpigo uleule wa 1,500 utasomwa mara 1,496, mara 1,504, na mota itaguna mahali inapotakiwa kunyamaza. Ndiyo sababu vidhibiti vingi huweka ukanda mfu kuzunguka 1,500, eneo ambalo amri haiitikiwi kabisa. Ukanda huo nao umekatwa kutoka kwenye hatua zako.

Wenye droni walichoshwa na haya mapema kuliko sisi wa magurudumu. Lugha yao ya DShot haipimi urefu wa mpigo tena, inatuma namba. Kila ujumbe una biti 16: 11 za nguvu, moja ya kuomba taarifa kutoka kwa kidhibiti, na nne za kukagua kama ujumbe umefika salama. Biti 11 ni thamani 2,048, ambazo 48 za mwanzo zimetengwa kwa kuzima na kwa amri maalumu, zikabaki 2,000 za mwendo. Namba iliyotumwa ndiyo inayofika, au haifiki kabisa. Kama nyinyi mnatumia mota zisizo na brashi na vidhibiti vinavyoijua lugha hii, sioni sababu ya kuendelea kupima mipigo.

Programu zenu nitazipitia haraka, kwa kuwa makosa yake ni mepesi kuyaona ukishaambiwa. Jostiki ya biti 8 ina nafasi 127 kila upande, na hakuna kidhibiti kitakachozaa hatua ambazo kidole hakikuzituma. Mkiweka nguvu kwa asilimia kamili, mmejifunga kwenye hatua 100. Na anayeandika asilimia gawanya kwa 100 mara 255, kwa namba kamili zisizo na desimali, atapata sifuri hadi afike 100, kisha ghafla 255. Beba desimali hadi mwisho wa hesabu, ukadirishe mara moja tu, pale unapotuma.

Je, hatua nyembamba zinahitajika kweli? Tuhesabu. Chukua roboti ya magurudumu mawili yanayoachana sentimita 30, yenye mwendo wa juu wa mita moja kwa sekunde, na amri za kuanzia 0 hadi 127, kama zilivyokuwa kwenye VEX Cortex, ubongo wa roboti za mashindano ya VEX. Hatua moja ni kama milimita 8 kwa sekunde. Gurudumu la kulia likizidi la kushoto kwa hatua hiyo moja, roboti itageuka digrii moja na nusu kila sekunde. Baada ya sekunde nne imesafiri mita nne, imepinda digrii 6, na imetoka nje ya mstari kwa sentimita 21. Ukiwa na hatua 1,000 kila upande, kosa hilohilo la hatua moja linakutoa chini ya sentimita 3. Kwa hesabu hii, mwenye namba kubwa anashinda waziwazi.

Kwenye sakafu hali ni nyingine. Mota mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja hazizunguki sawa, na tofauti yake kwa kawaida ni kubwa kuliko hatua moja kati ya 127. Betri nayo ina neno lake. Kwenye mfumo wa volti 12, hatua moja kati ya 255 ni kama milivolti 47. Betri iliyojaa ikishuka kutoka volti 12.6 hadi 11 pale mota zinapovuta kwa nguvu, umepoteza volti 1.6. Kwa amri ya juu kabisa, huo ni mtelemko wa hatua zaidi ya 30 ambao hukuuagiza. Kuhangaikia biti ya kumi wakati betri inakuyumbisha namna hiyo ni kupima kwa rula ya milimita kisha kukata kwa panga. Pimeni volti ya betri, mgawanye amri kwa volti hiyo, ndipo mzungumze habari ya biti.

Halafu kuna msuguano. Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji. Malalamiko mengi ninayoyasikia kuhusu resolusheni ni malalamiko ya msuguano yaliyovaa nguo nyingine. Mota ikiwa imesimama, inahitaji nguvu zaidi kuianzisha kuliko kuiendeleza. Unapandisha amri: 10, kimya, 20, kimya, 35, kimya, 40, roboti inaruka mbele kwa mwendo ambao si wa polepole hata kidogo. Mwanafunzi anasema kati ya kusimama na huo mwendo hakuna hatua. Hatua zipo 40 nzima, ila zote zimeliwa. Ukimpa kidhibiti cha hatua mara nane zaidi, zitaliwa 320 badala ya 40, na roboti itaruka vilevile.

Kinachosaidia kiko kwenye chuma kabla ya msimbo: ekseli iliyonyooka, gia zisizobanana, fremu isiyojipinda skrubu zinapokazwa. Kisha msimbo: ukishajua amri inayoianzisha mota, iongeze juu ya kila amri isiyo sifuri, ili hatua yako ya kwanza iwe ya kweli. Kwa roboti ya kujisawazisha juu ya magurudumu mawili hilo halina mjadala, kwa kuwa maisha yake yote ni masahihisho madogo kuzunguka sifuri, hapohapo palipoliwa. Daraja la transista, yaani swichi za kielektroniki zinazopitisha umeme kwenda kwenye mota, nalo linachangia. L298N, ile ya sinki kubwa la joto, hula volti mbili au zaidi kabla mota haijaona chochote. Kwenye betri ya volti 6 hiyo ni theluthi ya ngazi yako. Madaraja ya transista za aina ya MOSFET, kama TB6612FNG, hupoteza kidogo sana.

Na gia! Sijui kwa nini hazitajwi kwenye mjadala huu. Kama roboti yenu haizidi theluthi ya mwendo wake wa juu katika kazi yote mnayoifanya, basi theluthi mbili za hatua zenu hazijawahi kuguswa. Badilisheni uwiano wa gia mara tatu. Kila hatua sasa inasogeza gurudumu theluthi ya ilivyokuwa, torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inaongezeka, na mota inafanya kazi katika mwendo inaoupenda. Hiyo ndiyo njia ya kuzifanya hatua kuwa nyembamba ninayoipenda kuliko zote, na haihitaji hata kuwasha kompyuta.

Mkishaweka enkoda, kifaa kinachohesabu mzunguko wa mota, mkafunga mrejesho ili programu ijisahihishe kwa hesabu hizo, maswali yanabadilika. Kidhibiti cha programu husoma mwendo, kinalinganisha na unaoutaka, kinarekebisha. Lakini kinasoma nini? Tuseme enkoda inatoa hesabu 12 kwa kila mzunguko wa mota, na gia ni 50 kwa 1. Gurudumu likizunguka mara moja, una hesabu 600. Likizunguka mara moja kwa sekunde, nawe unasoma kila milisekunde 10, unapata hesabu 6. Si 6.0, ni 6, na kusoma kunakofuata ni 5 au 7. Kila hesabu moja ni asilimia 17 ya mwendo. Kidhibiti chako kinaweza kuwa na hatua 2,000 kwenda nje, lakini jicho lake linaona ngazi sita. Ukiongeza sehemu ya D, ile inayofuata kasi ya badiliko la kosa, kwenye PID yako, yaani hesabu hiyo ya kurekebisha, inachukua huo mruko wa 5 na 7 na kuukuza, mota inaanza kukwaruza, na lawama inaangukia kidhibiti kisicho na hatia.

Badala ya kuhesabu hesabu ndani ya muda, pimeni muda kati ya hesabu. Kwa mwendo huohuo, hesabu moja huja kila mikrosekunde 1,667. Saa ya mikrosekunde moja inaupima muda huo kwa usahihi bora kuliko asilimia 0.1, hata ile saa ya Uno ya mikrosekunde 4 inaupima kwa robo ya asilimia. Enkoda ileile, waya zilezile. Angalizo moja tu: kingo za enkoda za bei nafuu hazijapangwa kwa umbali sawa, kwa hiyo pimeni kutoka ukingo mmoja hadi ukingo wa aina hiyohiyo, msichanganye wa kupanda na wa kushuka. Kwa mwendo wa juu, kuhesabu kunarudi kuwa bora, na mnaweza kuhama kati ya njia hizi mbili mwendo unapobadilika.

Mrejesho ukiwa mzuri, uhaba wa hatua unapungua makali wenyewe. Tuseme mwendo mnaoutaka uko kati ya amri ya 41 na ya 42. Sehemu ya I ya PID, ile inayojumlisha makosa, itajikusanya, itasukuma hadi 42, itarudi 41, na uzito wa roboti utalainisha kile kinachobaki. Mnaweza kufanya hivyo kwa makusudi hata bila enkoda. Mnataka 41.3: tuma 41, weka akiba 0.3. Zamu inayofuata jumla ni 41.6, tuma 41, akiba 0.6. Kisha 41.9, tuma 41. Kisha 42.2, tuma 42, akiba 0.2. Wastani unakaribia 41.3 kadiri zamu zinavyoongezeka. Kwenye mota kubwa yenye gia hutahisi chochote. Kwenye mota ndogo nyepesi, kwa amri 50 kwa sekunde, utausikia mtetemo, na hapo nitakubaliana nawe kwamba unahitaji hatua zaidi au amri za haraka zaidi.

Mnaotaka kujua hesabu ya roboti yenu, inyanyueni magurudumu yasiguse chini, andikeni programu fupi inayotuma kila thamani ya amri kwa zamu, isubiri mwendo utulie, irekodi kasi ya enkoda. Kisha rudieni ikiwa sakafuni na mzigo wake, kwa amri mnazozitumia kweli. Chora mwendo dhidi ya amri. Sehemu iliyolala mwanzoni ni msuguano na ukanda mfu. Sehemu iliyolala mwishoni ni mkunjo wa kidhibiti, na jedwali la kusahihisha linautibu. Katikati, tafuteni ngazi: amri tano mfululizo zinazotoa mwendo uleule, kisha mruko. Mkiziona ngazi hizo, rudini kwenye maktaba, kwenye bodi ya servo, kwenye jostiki, hadi mjue ni wapi amri tano zinageuka kuwa moja. Na kama mmeshapita kote huko, ngazi zikabaki palepale na zina upana wa kuwaharibia kazi, basi nunueni kidhibiti kipya, na nitakuwa wa kwanza kuwaunga mkono mbele ya mwalimu anayeshika fungu la klabu.

Nina dakika chache za maswali. Mwenye grafu yake tayari aanze.